Kutoka kadi ya ndui hadi simu: historia ya picha zinazosaidia kutambua magonjwa ya ngozi

Tangu ugonjwa wa mpox ulipofika katika kambi za wahami pembeni mwa mji wa Goma, mwaka wa 2024, wazazi wengi wamebaki na swali moja: vipele hivi vya mtoto ni mpox, ni tetekuwanga, ni surua, au ni upele wa kawaida tu? Swali hilo si dogo. Jibu likikosewa upande mmoja, mtoto anatengwa na wenzake bila sababu. Likikosewa upande mwingine, ugonjwa unaenea katika hema lote, ambamo watu sita au wanane wanalala pamoja.

Siku hizi kuna programu za simu zinazomsaidia muganga kujibu swali hilo kwa njia ya picha. Wengine wanazisifu kama muujiza, wengine wanaziogopa. Lakini ndugu wasomaji na wasikilizaji, kazi ya kutambua ugonjwa wa ngozi kwa picha haikuanzia kwenye simu. Ina zaidi ya miaka 50, na inchi yetu ya Kongo imo ndani ya historia hiyo tangu mwanzo. Tukiijua, tutajua pia lini tuiamini picha na lini tuiulize maswali.

Kadi iliyozunguka sokoni na shuleni

Mwaka wa 1967 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilianza kampeni kubwa ya kuimaliza ndui duniani kote. Ndui ilikuwa ikiua karibu watu 3 kwa kila 10 walioshikwa nayo, na waliopona walibaki na makovu usoni, wengine wakawa vipofu. Chanjo ilikuwepo. Shida ilikuwa kuwapata wagonjwa mapema, vijijini kusikokuwa na daktari wala simu.

Huko Indonesia, wachanjaji waligundua jambo rahisi. Walichukua picha zilizokusudiwa kuwafundishia waganga, wakawaonyesha wanakijiji na watoto wa shule, wakauliza: mmeona mtu mwenye vipele kama hivi? Watu wakajibu, wakataja hata nyumba. OMS ikachapisha kadi yenye picha ya mtoto mwenye ndui, ikaipeleka katika inchi nyingi. Kadi hiyo ilizungushwa masokoni, shuleni na mlango kwa mlango. Watoto wa shule walikuwa mashahidi wazuri sana, kwa sababu mtoto anapita kila mahali na haoni haya kusema alichokiona.

Angalieni vizuri kadi hiyo ilifanya nini. Haikumgeuza mtoto wa shule kuwa daktari. Ilimpa mtu wa kawaida njia ya kusema “nimeona kitu kama hiki, kiko pale,” hata kama hajui kusoma. Kisha timu ilikwenda yenyewe kuhakikisha. Kadi ilionyesha mlango, na watu wenye ujuzi ndio walioingia.

Timu nazo zilifundishwa kuangalia mpangilio wa vipele. Vya ndui hujaa zaidi usoni, mikononi na miguuni, hata kwenye viganja na nyayo, na mahali pamoja vyote huwa vya umri mmoja. Vya tetekuwanga hujaa zaidi kifuani, tumboni na mgongoni, na huwa vya rika mbalimbali: hiki kipya, hiki kina maji, kile kimekauka. Maarifa hayo ya zamani bado yanatumika hadi leo.

Basankusu, mwaka wa 1970

Kwetu Kongo timu za ndui zilikuwa kazini pia. Tarehe 1 Septemba 1970 mtoto wa kiume wa miezi 9 alipelekwa katika hospitali ya Basankusu, mkoa wa Équateur, akiwa na homa na vipele vilivyofanana kabisa na ndui. Katika jamaa yake, yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajachanjwa. Kwa macho ilikuwa ndui. Lakini kipande cha gamba la vipele vyake kilipelekwa maabara huko Moscow, na matokeo yakaonyesha kirusi kingine, kile kilichoonekana mara ya kwanza mwaka wa 1958 kwa nyani wa maabara huko Copenhagen. Huyo ndiye mtu wa kwanza duniani kuthibitishwa kuwa na ugonjwa ambao leo tunauita mpox. Mtoto huyo alipona vipele, lakini akashikwa surua akiwa bado hospitalini, akafariki.

Kisa cha Basankusu kina mafunzo mawili. La kwanza: macho yalisaidia sana. Bila watu waliofundishwa kushtukia vipele vya namna hiyo, hakuna ambaye angechukua kipimo. La pili: macho peke yake yangekosea. Ndui na mpox vinafanana mno. Tofauti kubwa inayoonekana ni mitoki, yaani tezi zinazovimba shingoni, kwapani au kinenani, ambazo mpox huzileta mara nyingi na ndui haizileti hivyo.

Ndui ilionekana kwa mara ya mwisho katika inchi yetu mwaka wa 1971. Duniani, mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Mwaka wa 1980 OMS ilitangaza kwamba ndui imekwisha, na chanjo ikasimamishwa. Kuanzia hapo watoto waliozaliwa hawakuwa tena na kinga ile, ambayo ilikuwa ikizuia pia mpox. Kati ya mwaka wa 1981 na 1986, uchunguzi uliofanyika Kongo, wakati huo Zaïre, ulithibitisha wagonjwa 338 wa mpox. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1996 na 1997, ugonjwa ukaripuka Katako-Kombe, katika eneo la Sankuru. Vipimo vilipofanywa, ikaonekana kwamba wengi waliodhaniwa kuwa na mpox walikuwa na tetekuwanga. Hapo tena jicho lilihitaji mwenzake, maabara.

Kwa nini watu huficha ngozi yao

Kuna upande mwingine wa historia hii ambao hatuwezi kuuruka. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, watu walipangwa mstari na kukaguliwa miili, wakishikwa shingo kutafutwa tezi za ugonjwa wa malale. Mwenye ukoma aliweza kutolewa kwao na kupelekwa kuishi katika kijiji cha wagonjwa, kama kile cha Iyonda karibu na Mbandaka, ambayo zamani iliitwa Coquilhatville. Doa moja kwenye ngozi liliweza kumtenga mtu na jamaa yake kwa miaka.

Leo ukoma unatibika kwa vidonge, na dawa hizo hutolewa bure. Lakini hofu hupita kutoka kwa babu hadi mjukuu. Mama anayemfunika mtoto wake kitenge ili reko asione vipele si mjinga. Anakumbuka kwamba kuonekana kumewahi kuwa hatari. Ndiyo maana chombo chochote cha picha, kiwe kadi au simu, hakiwezi kufanya kazi mahali ambapo watu hawana imani na anayekishika.

Picha zinaingia kwenye kompyuta

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari wa ngozi wa Rochester, Marekani, aitwaye Art Papier, pamoja na wenzake walitoa programu ya VisualDx. Muganga anaandika anachokiona: vipele vya namna gani, viko wapi, mgonjwa ana umri gani, ana homa au hapana, ametoka safari gani. Programu inamletea picha za magonjwa yanayoweza kulingana na dalili hizo, ili alinganishe. Haimwambii “ugonjwa ni huu.” Inamkumbusha yale ambayo angeweza kuyasahau. Kwa kweli ni ile kadi ya ndui, ila sasa ni maelfu ya kadi zinazojipanga zenyewe.

Mwaka wa 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walipiga hatua nyingine. Waliifundisha kompyuta kwa picha 129,450 za ngozi, kisha wakailinganisha na madaktari wa ngozi 21 katika kutambua saratani. Ilifanya sawa nao. Kompyuta hiyo inajifunza kama mtoto anayekaa na mama yake sokoni Kituku: anaonyeshwa sambaza mara nyingi, anaonyeshwa samaki wengine, hadi siku moja anatofautisha mwenyewe. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuonyeshwa sambaza hataitambua hata ukiiweka mkononi mwake.

Na hapo ndipo shida yetu ilipo. Picha nyingi katika vitabu vya udaktari na katika kompyuta hizo ni za ngozi nyeupe. Vitabu vinasema kipele ni “chekundu.” Kwenye ngozi nyeusi, wekundu huo unaweza kuonekana wa zambarau, wa kahawia au mweusi zaidi, na pengine usionekane kabisa ila kwa kugusa. Mwaka wa 2020 mwanafunzi wa udaktari huko London, Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, alitoa pamoja na walimu wake kijitabu kinachoonyesha dalili zilezile kwenye ngozi nyeusi. Mwaka wa 2022 watafiti wa Marekani walizipima programu kadhaa kwa picha 656 za watu wa rangi mbalimbali, wakaona kwamba zilikosea zaidi kwenye ngozi nyeusi. Mashine haikuwa na chuki. Ilikuwa haijafundishwa ngozi yetu.

OMS nayo ilitoa mwaka wa 2018 kitabu cha picha cha kuwasaidia waganga wa vijijini kutambua magonjwa ya ngozi yaliyosahauliwa, kama ukoma, kidonda cha Buruli, buba na upele. Baadaye kitabu hicho kikageuzwa kuwa programu ya simu. Kwa muganga aliye peke yake katika kituo cha mbali, huo ni msaada wa kweli.

Kutoka Kamituga hadi kambini

Mwezi wa Septemba 2023, huko Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika Kivu ya Kusini, ilianza kuonekana mpox ya namna mpya, iliyokuwa ikipita kati ya watu kwa kugusana kwa karibu. Mwaka uliofuata ilifika Goma na kambi zake. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ilitangaza hali ya hatari kwa dunia nzima. Chanjo za kwanza zilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Oktoba, uchanjaji ulianza Goma.

Reko walikuwa tena kazini na mabango ya picha, kama wale wachanjaji wa Indonesia. Picha ziliwasaidia kuwatuma watu kwenye vituo vya afya. Uthibitisho ulitoka maabara, hasa ile ya INRB, taasisi ya profesa Jean-Jacques Muyembe. Kisha vita vikaingia Goma mwisho wa Januari 2025, wagonjwa wengi wakakimbia vituo vya matibabu, kambi zikavunjwa, familia zikatawanyika. Hakuna programu ya simu inayoweza kumfuata mgonjwa aliyekimbia mabomu.

Tubaki na nini

Historia hii inasema jambo moja wazi. Picha husaidia inapompa mtu wa kawaida na muganga wake uwezo wa kushtuka mapema, inapokuwa imetoka kwenye ngozi kama yetu, na inapofuatwa na kipimo na matibabu. Ikikosa hayo, inabaki kuwa picha tu.

Kwa hiyo wazazi, mtoto akiwa na homa na vipele, msimfiche. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu, na mwambieni muganga vilianza lini, vilianzia wapi mwilini, na nani mwingine nyumbani anavyo. Maelezo hayo yana thamani kuliko picha. Wakati mnangojea jibu, asilale kitanda kimoja na wengine ikiwezekana, na nguo zake zifuliwe peke yake.

Muganga akitaka kumpiga picha, mna haki ya kuuliza: picha inakwenda wapi, nani ataiona, uso utaonekana? Muganga mwema atajibu bila kukasirika. Lakini mkiwa mmeelezwa vizuri na mkakubali, jueni kwamba picha hiyo ina kazi. Kila picha ya ngozi ya Mkongomani iliyochukuliwa kwa heshima inaifundisha mashine isikosee kwa mtoto mwingine, iwe Masisi, Fizi au Basankusu.

Na kwa waganga na mashirika wanaotuletea simu hizo: karibuni. Ila mje pia na sabuni, maji, kipimo na dawa. Kumwambia mama jina la ugonjwa wa mtoto wake, kisha kumwacha bila dawa, ni kumwongezea mzigo juu ya ule alioukimbia nao.