Uigaji wa chaji ya vumbi katika plazima
Ni hesabu za kompyuta zinazoonyesha jinsi punje ya vumbi inavyopata chaji ndani ya plazima, gesi ya elektroni na ioni, kama ile ya taa za tyubu za zamani za maduka ya Kariakoo. Elektroni, zenye kasi zaidi, huifikia punje kwanza na kuipa chaji hasi. Chaji hiyo huzifukuza elektroni nyingine na kuvuta ioni mpaka mikondo ya elektroni na ioni ilingane. Punje yenye nusukipenyo cha maikromita 1 huweza kubeba elektroni za ziada elfu kadhaa. Hesabu ya mikondo hiyo ya wanasayansi Mott-Smith na Langmuir (1926), nzuri kwa wepesi wake, hupuuza migongano ya ioni na gesi. Hapo ndipo kompyuta huhitajika hasa, ikifuatilia mamilioni ya chembe hatua kwa hatua. Uigaji huo husaidia kuchunguza mistari ya vumbi kwenye pete za Zohali iliyopigwa picha na Voyager 1 mwaka 1980, pia vumbi linaloharibu chipu viwandani.