Waume wa Kutumwa

Hadi mwaka 1949 Bonn ulikuwa mji mdogo wa chuo kikuu kando ya mto Rhine, uliojulikana zaidi kwa kuwa ndiko alikozaliwa mwanamuziki Beethoven. Mwaka huo ukageuzwa makao ya serikali ya Ujerumani Magharibi. Wizara, balozi na ofisi za vyama vya siasa zikaujaza, na kila ofisi ilihitaji makatibu muhtasari. Wasichana wakamiminika kutoka pembe zote za nchi. Walipata mshahara wa uhakika, wakapanga vyumba vyao wenyewe, na jioni wakarudi kwenye nyumba zisizo na mtu wa kuwauliza wameshindaje. Vita vilivyokwisha mwaka 1945 vilikuwa vimeua askari wa Kijerumani zaidi ya milioni 4. Wanaume wengi ambao wangewaposa walikuwa makaburini.

Upande wa pili wa mpaka, Berlin Mashariki, walikuwapo watu waliouona upweke huo wakaupangia kazi.

Stasi, yaani Wizara ya Usalama wa Taifa ya Ujerumani Mashariki, ilianzishwa Februari 1950. Tawi lake la ujasusi wa nje alikabidhiwa Markus Wolf mwishoni mwa mwaka 1952, akiwa kijana wa miaka 29, naye akaliongoza hadi 1986. Baba yake alikuwa daktari na mwandishi wa tamthilia, Myahudi na mkomunisti aliyewakimbia Wanazi, na Wolf mwenyewe alikulia Moscow. Kwa miaka mingi majasusi wa Magharibi hawakujua hata sura yake. Walimpiga picha Stockholm mwaka 1978 bila kujua wamempiga nani, mpaka ofisa wake mmoja alipotoroka mwaka uliofuata na kumtambulisha.

Zanzibar ilimwona kabla ya Magharibi kumjua. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Januari, visiwa hivyo vilikuwa vya kwanza barani Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na Wolf alikwenda mwenyewe kuishauri serikali mpya jinsi ya kuunda idara yake ya usalama. Wazanzibari wengi wanawakumbuka Wajerumani wale kwa majengo ya Kikwajuni na Michenzani. Lakini mgeni yule wa 1964, wakati huohuo, alikuwa na vijana wake Bonn, na kazi waliyopewa ilikuwa kutongoza.

Magazeti ya Magharibi yaliwaita Romeo. Wengi hudhani walichaguliwa kwa uzuri wa sura, jambo ambalo Wolf alilikanusha katika kumbukumbu zake alizozitoa mwaka 1997. Aliyetafutwa ni mwanamume mwenye adabu, anayejua kusikiliza, asiye na papara. Alipewa jina jipya, vyeti, historia ya maisha na kazi ya kujisingizia. Mara nyingi alikuwa na mke wake halali huko Mashariki. Kisha alielezwa habari za mwanamke mmoja: anafanya kazi ofisi gani, anakwenda wapi likizo, anasali wapi, amewahi kuachwa na nani.

Wakakutana kana kwamba ni bahati, katika darasa la Kifaransa mjini Paris, au ufukweni Bulgaria wakati wa likizo. Miezi ingepita bila kutajwa hata karatasi moja. Uchumba ulipokomaa ndipo lilipokuja ombi la kwanza, nalo dogo. Wengine walidai wanafanya utafiti wa amani na wanahitaji nakala ya ripoti fulani. Wengine walikiri kuwa ni majasusi, ila wa nchi rafiki. Mwanamke akishakubali mara moja, hofu ya kugunduliwa ilimfunga pamoja na mapenzi, na kurudi nyuma kukawa kugumu.

Kisa cha Leonore Sütterlin ndicho kinachoonyesha vizuri mpango huo ulivyoweza kuangamiza. Alikuwa katibu katika Wizara ya Mambo ya Nje mjini Bonn, na mwaka 1960 aliolewa na mpiga picha aitwaye Heinz Sütterlin. Heinz hakuwa mtu wa Wolf. Mabwana zake walikuwa KGB, shirika la Kisovieti ambalo lilitumia mbinu hiyohiyo. Kwa miaka kadhaa Leonore alitoa nyaraka ofisini ndani ya mkoba wake, mumewe akazipiga picha, naye akazirudisha mahali pake. Zilikuwa maelfu. Mwaka 1967 jasusi mmoja wa Kisovieti akakimbilia Magharibi na kuwataja, na wote wawili wakakamatwa. Wapelelezi ndio waliomweleza Leonore kwamba mumewe alimwoa kwa amri. Mwezi Oktoba mwaka huo alijiua gerezani. Alikuwa ametenda kosa la jinai, na alijua. Jambo ambalo hakulijua ni kwamba miaka saba ya ndoa yake ilikuwa kazi, ikiandikiwa taarifa kama safari ya kikazi.

Wolf mwenyewe amesimulia kisa cha mkalimani Mkatoliki aliyefanya kazi katika makao makuu ya kijeshi ya NATO, yaliyokuwa Ufaransa wakati huo. Mpenzi wake alijifanya mwandishi wa habari kutoka Denmark, kisha akamweleza kuwa anaitumikia idara ya ujasusi ya nchi hiyo. Mwanamke alikuwa mcha Mungu, na kuishi na mwanamume bila ndoa, tena kwa siri za wizi, kulimsumbua dhamiri. Akasema lazima aungame. Berlin Mashariki haikusita: ilimtafuta mtu, ikamfundisha taratibu za kasisi wa jeshi la Denmark, na katika kanisa dogo la mbali huko Jutland akamsikiliza maungamo na kumwondolea dhambi. Mwanamke akarudi kazini na moyo mweupe. Hata mlango wa mwisho wa faragha, ule wa mja na Mola wake, ulikuwa umefunguliwa na dola.

Ndoa halisi, hata hivyo, iliwasumbua wapangaji. Katibu wa ofisi nyeti alipotaka kuolewa, idara ya usalama ya Magharibi ilimchunguza mchumba, na historia ya kubuni ingeweza kuvunjika mbele ya karani wa kawaida mwenye simu. Ndiyo maana Romeo wengi waliahirisha harusi mwaka hadi mwaka kwa visingizio. Kwa Dagmar Kahlig-Scheffler, aliyekutana na mpenzi wake kwenye fukwe za Bulgaria na baadaye akapata kazi katika ofisi ya Chansela Helmut Schmidt, ilipatikana njia nyingine. Alipelekwa Berlin Mashariki akafungishwa ndoa mbele ya msajili ambaye kumbe ni mtu wa Stasi. Ndoa haikuandikwa popote. Alikamatwa mwaka 1977, na ndipo alipojua kwamba hakuwahi kuwa mke wa mtu yule.

Si kila mwanamke alikuwa mjinga wa mapenzi. Gabriele Gast alikwenda mji wa Karl-Marx-Stadt mwaka 1968 akifanya utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu nafasi ya wanawake katika siasa za Ujerumani Mashariki. Huko akampenda mwanamume aliyejitambulisha kama fundi wa magari, na kupitia kwake akaingia katika mtandao wa Wolf. Mwaka 1973 aliajiriwa na shirika la ujasusi la Ujerumani Magharibi lenyewe, akapanda cheo hadi kuandaa taarifa zilizofika kwa chansela. Alikamatwa mwaka 1990, siku chache kabla ya nchi mbili kuungana, akahukumiwa kifungo cha miaka 6 na miezi 9. Baadaye amesisitiza kuwa aliifanya kazi ile kwa itikadi yake pia. Ana haki ya kusikilizwa. Bado, mlango alioingilia ulifunguliwa na mtu aliyekuwa amepewa zamu ya kumpenda.

Bonn ilichelewa kuamka. Katika miaka ya 1970 maofisa wa usalama walianza kupekua rejista za wakazi wakitafuta wanaume wenye sifa za Romeo, na maofisini yakabandikwa mabango ya kuwaonya makatibu. Mwaka 1979 baadhi ya wanawake, akiwamo mmoja wa makao makuu ya NATO mjini Brussels, walitorokea Mashariki kabla ya kukamatwa. Wakati huo Ujerumani Magharibi ilikuwa bado inauguza kidonda cha Günter Guillaume, msaidizi wa Chansela Willy Brandt. Yeye na mkewe Christel walihamia Magharibi mwaka 1956 kama wakimbizi, wote wawili wakiwa majasusi. Kukamatwa kwao Aprili 1974 kulimfanya Brandt ajiuzulu mwezi uliofuata. Katika nyumba yao mume na mke waliijua siri. Asiyeijua alikuwa mtoto wao wa kiume, aliyelelewa na wazazi wawili ambao hakuwafahamu.

Ukuta wa Berlin ulianguka tarehe 9 Novemba 1989, na Januari 1990 wananchi waliyavamia makao makuu ya Stasi. Ndani walikuta majalada; yale ya Stasi ya nchi nzima, yakipangwa leo kwa mstari, yanafika kilomita 111. Nchi ya watu wapatao milioni 16 ilikuwa na waajiriwa wa Stasi karibu 91,000 na watoa habari wa siri wapatao 189,000. Kuanzia Januari 1992 kila raia aliruhusiwa kusoma jalada lake.

Vera Wollenberger, wa Ujerumani Mashariki, aliujua ukweli wa ndoa yake wiki chache kabla ya hapo. Alikuwa mwanaharakati wa amani aliyekamatwa Januari 1988 akielekea kwenye maandamano na bango lake, akafungwa, kisha akapelekwa Uingereza. Taarifa nyingi juu yake ziliandikwa na mtoa habari aliyeitwa “Donald”. Huyo alijua yaliyosemwa mezani na yaliyosemwa chumbani, kwa sababu alikuwa Knud Wollenberger, mumewe na baba wa wanawe wawili. Walioana mwaka 1980, na Knud alikuwa ameanza kutoa habari kabla ya harusi. Vera, ambaye tayari alikuwa mbunge, alidai talaka mwaka 1992 na kurudia jina lake la Lengsfeld. Miaka mingi baadaye Knud, akiwa mgonjwa, aliomba radhi, na Vera akamsamehe. Knud alifariki mwaka 2012.

Vera aliweza angalau kusoma alichoandikiwa. Wanawake wa Bonn hawakupata nafasi hiyo, kwa kuwa tawi la Wolf liliruhusiwa kuharibu majalada yake mwaka 1990, na sehemu kubwa ikaangamizwa. Barua zilizoandikwa kwa zamu, taarifa za baada ya kila likizo ya pamoja, maelezo ya nani alilia lini na kwa nini, vyote vilikwenda na mashine za kuchana karatasi.

Sheria nayo iliwaangalia upande mmoja tu. Mahakama za Magharibi ziliuliza ni karatasi ngapi zilitoka ofisini, na aliyezitoa alikuwa kizimbani. Mwanamume aliyezipokea mara nyingi alikuwa amekwisha kuitwa nyumbani Mashariki. Mwaka 1995 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kuwa raia wa Mashariki walioendesha ujasusi wakiwa katika nchi yao wasishtakiwe kwa kosa hilo. Wolf, aliyekuwa amehukumiwa miaka 6 mwaka 1993, akaondolewa hukumu. Mwaka 1997 alipewa kifungo cha nje cha miaka 2 kwa makosa mengine ya kuwashikilia na kuwashurutisha watu. Alifariki usingizini mjini Berlin tarehe 9 Novemba 2006, akiwa na miaka 83.

Vitabu vya Vita Baridi vimezoea kuwaweka makatibu wale katika orodha ya wasaliti na kuwasifu waume wa kutumwa kwa weledi wao. Mpangilio huo si wa haki. Walivunja sheria za nchi yao na wengi walitumikia vifungo vyao. Lakini kabla ya kusaliti walisalitiwa, na dola lenye bajeti, wakufunzi na makasisi wa bandia. Wanastahili kuandikwa kwanza katika orodha ya waliodhulumiwa.