Gitaa la umeme na umbo lake, mpaka Ngagara

Mwaka 1952 Wabelgiji waliunda ofisi ya kujenga makazi ya Waafrika mijini, iliyojulikana kwa kifupi kama OCA au OCAF. Léopoldville, Kinshasa ya leo, ikajenga Matete na Bandalungwa. Usumbura, Bujumbura ya leo, ikajenga Ngagara, na hadi sasa wenyeji wengi wanauita mtaa huu OCAF. Mwaka huohuo, mbali kabisa, kiwanda cha Gibson cha mjini Kalamazoo, Marekani, kilitoa gitaa la ubao mzima lililopewa jina la mpigaji Les Paul. Miaka miwili kabla yake Leo Fender wa Fullerton, California, alikwisha kuuza lake. Kwa hiyo mtaa na chombo ni marika, ingawa vilikutana baadaye.

Gitaa lililotangulia huku kwetu lilikuwa kavu, lisilojua umeme. Mfalme wake alikuwa Mwenda Jean Bosco wa Jadotville, ndiyo Likasi ya sasa, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey. Vidole vyake vilipiga besi na sauti ya juu kwa pamoja, na kazi yote ya kukuza sauti ilifanywa na tumbo la gitaa. Barazani na kwenye harusi ndogo, hilo lilitosha. Sahani za santuri za kampuni ya Ngoma, iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1948 na Mgiriki Nicolas Jeronimidis, zilieneza magitaa ya namna hiyo mbali sana, na Usumbura ilikuwa chini ya bendera ileile ya Kibelgiji.

Mwaka 1953 Mbelgiji mmoja mpiga jazz, Bill Alexandre, alifika Léopoldville kufanya kazi katika studio ya CEFA. Huyo ndiye anayehesabiwa kuwa alileta gitaa la umeme Kongo. Mwaka huohuo Joseph Kabasele alianzisha African Jazz, na kijana Nicolas Kasanda, aliyekuja kuitwa Docteur Nico, akalifanya gitaa la solo liimbe kama mtu. Januari 1960 bendi hiyo ilikuwa Brussels wakati wanasiasa wa Kongo wakijadili uhuru.

Magitaa ya umeme yaliyotangulia duniani kwenye jukwaa la jazz yalikuwa na uvungu. Gibson walianza na ES-150 mwaka 1936, na Charlie Christian akalipandisha hadhi katika bendi ya Benny Goodman. Kimsingi lilikuwa gitaa la kawaida lililotiwa sumaku chini ya nyuzi. Sauti yake nene, ya mviringo, haichomi sikio. Kwa ukumbi mdogo na amplifaya moja, sijasikia sauti tamu kuishinda.

Tatizo lilianza ukumbi ulipokua. Tumbo lenye uvungu hutikiswa na sauti ya spika, tumbo hutikisa nyuzi, sumaku huinasa tena sauti ileile na kuirudisha kwenye spika, na mzunguko huo hauishi mpaka chombo kinapiga mluzi unaowafanya watu wazibe masikio. Mpiga gitaa anayesimama karibu na amplifaya yake mwenyewe, kwenye jukwaa lisilo na nafasi, hana pa kukimbilia. Ndiyo maana ubao mzima ulishinda, wala haikuwa suala la fasheni. Hauna tumbo la kutikiswa. Noti hukaa muda mrefu kabla ya kufa, na tarumbeta nyuma yako hazikufuniki. Gharama yake ni uzito: Les Paul nyingi hufikia kilo 4 au zaidi, na dansi la saa nyingi bega hulikumbuka.

Mwaka 1958 Gibson walijaribu kusuluhisha pande hizo mbili kwa gitaa la nusu uvungu, ES-335: mbavu zina uvungu, lakini katikati, kuanzia shingoni mpaka mkiani, unapita mti mzima. Mluzi ukapungua sana, sauti nene ikabaki.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi, na kwa mpiga rumba ndilo kubwa. Katika seben, pale waimbaji wanaponyamaza na gitaa linachukua uwanja, mkono wa kushoto huhamia juu kabisa shingoni. Kwenye gitaa la zamani la uvungu, shingo huungana na mwili kwenye chuma (freti) cha 14, na bega lisipokatwa vidole hugonga mbao hapohapo. Les Paul huungana kwenye chuma cha 16. ES-335 hufika 19, na ile SG nyembamba yenye pembe mbili, iliyotoka 1961, hufika karibu mwisho wa shingo. Anayepiga solo anahitaji mabega yaliyokatwa pande zote mbili. Anayepiga rizimu, ambaye mkono wake haupandi huko, asilipie pembe asizozitumia.

Bujumbura ilipata redio yake mwaka 1960, na baada ya uhuru wa 1962 muziki wa Kirundi ukapata umeme wake: bendi ya Amabano, na waimbaji Canjo Amissi na Jean-Christophe Matata. Kisha ikaja Oktoba 1993, rais Ndadaye akauawa, na vitongoji vya kaskazini, Ngagara ikiwamo, vikagawanyika kwa damu. Dansi huhitaji usiku, na usiku wenyewe ulikuwa umefungwa kwa amri ya kutotoka nje, hadi Aprili 2006 ilipoondolewa.

Leo kijana wa Ngagara anayetafuta gitaa ana maswali mengine. Umeme hukatika. Ubao mzima usio na umeme hausikiki hata na aliyekaa kitanda cha pili, wakati gitaa la nusu uvungu linasikika vizuri chumbani na unaweza kufanya zoezi gizani. Kwa upande mwingine, kwenye kwaya ya kanisa lenye spika zinazovuma, uvungu mzima ni shari tupu. Na mwili wenye mbao nyembamba zilizogundishwa hauvumilii kuachwa ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la hapa. Ubao mzima huvumilia zaidi.

Ningemshauri hivi: mwenye bendi na jukwaa achukue ubao mzima wenye mabega mawili yaliyokatwa. Anayejifunza nyumbani na kupiga kwa utulivu achukue la nusu uvungu lenye mti katikati. La uvungu mtupu amwachie mwenye ukumbi mdogo na jazz moyoni. Kabla ya kulipa, lining'inize begani kwa mkanda, usimame nusu saa, kisha upandishe mkono mpaka chuma cha mwisho utakachokihitaji. Usipokifikia, rudisha gitaa dukani.