Kitambulisho si Kibali

Anayesomea informatiki Kamina hujifunza kwa Kifaransa, na skrini humjibu kwa Kiingereza. Kiswahili, ambacho Katiba ya 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa, hubaki cha kuulizana pembeni: "Sasa hii kintu inafanya kazi gani?" Swali hilo linastahili jibu la Kiswahili, hasa kuhusu zile funguo za muda, kwa Kiingereza "credentials", anazopewa mtu anayeendesha kompyuta za mbali kwa kuandika amri.

Watafsiri wengine huziita stakabadhi. Kwa mfanyabiashara, stakabadhi ni karatasi ya kuthibitisha kwamba mali au fedha zimepokelewa. Ndiyo maana Tanzania kuna mfumo wa stakabadhi ghalani. Wengine huandika vitambulisho, na hapo kosa ni kubwa zaidi, kwa sababu linaficha jambo lenyewe. Kitambulisho husema wewe ni nani. Kibali husema umeruhusiwa kufanya nini, wapi, mpaka lini. Teknolojia hii ilibuniwa ili kuvitenganisha viwili hivyo.

Zamani vilikuwa kitu kimoja. Kampuni ya Amazon ilimpa mtumiaji wa wingu lake, yaani hizo kompyuta za mbali, ufunguo wa jozi: namba inayoanza na herufi AKIA, pamoja na siri yake. Ufunguo huo, ambao bado upo, hauna siku ya kuisha. Hukaa katika faili, hunakiliwa, husahauliwa ndani ya programu. Mwaka 2016 wadukuzi walikuta ufunguo wa Uber katika hifadhi ya programu kwenye GitHub, wakachukua taarifa za watu milioni 57. Aliyeushika ufunguo alihesabiwa kuwa mwenyewe.

Njia ya sasa huanza na amri "aws sso login". Kivinjari kinafunguka, unajitambulisha kwa shirika lako, mara nyingi kwa nenosiri na uthibitisho wa simu. Kitambulisho chako kinaishia hapo langoni. Kinachorudi kwenye kompyuta ni tokeni, na programu huibadilisha kwa kibali chenye sehemu tatu: namba inayoanza na ASIA, siri, na tokeni ya kikao. Kibali kimefungwa kwenye jukumu moja. Kwa kawaida huishi saa moja; msimamizi anaweza kukirefusha hadi saa 12, si zaidi.

Wahandisi wa MIT waliobuni mfumo wa uthibitisho wa Kerberos katika miaka ya 1980 waliita kitu cha aina hii tiketi, na Kamina neno hilo halihitaji ufafanuzi. Reli itokayo Lubumbashi hugawanyika hapa, tawi moja likielekea Ilebo, jingine Kabalo. Tiketi ya Kabalo haikufikishi Ilebo, na safari ikiisha, anayeiokota haimfai kitu. Hata hivyo nachagua kibali, kwa kuwa mwenye tiketi husafirishwa tu, ilhali mwenye kibali hutenda: huwasha mitambo, hufuta data.

Vipi kuhusu lile lango? Ile "sso" ya kwenye amri wengi huitafsiri "kuingia mara moja". Silipendi, kwani kesho utaingia tena. Kinachobaki kimoja ni mahali pa kujitambulisha, hata ukitumia mifumo kumi. Kuingia kwa lango moja ndiyo istilahi sahihi.

Mtu wa Kamina anayefanya kazi ndani ya seva iliyoko Cape Town hana kivinjari huko. Akiongeza "--use-device-code" kwenye amri ile, seva humwandikia anwani na msimbo mfupi, naye huifungua anwani hiyo kwa simu yake na kuuandika msimbo. Utaratibu huu uliwekewa kanuni rasmi Agosti 2019. Usiidhinishe kamwe msimbo ambao hukuuanzisha wewe: anayekutumia msimbo wake anaomba kibali kwa jina lako.

Tena, saa ya kuisha huandikwa kwa majira ya dunia, na herufi Z mwishoni. 15:00Z ni 16:00 Kinshasa, lakini Kamina ni 17:00, yaani saa kumi na moja jioni. Saa ya kompyuta yenyewe nayo iwe sahihi. Ikipotoka kwa zaidi ya dakika chache, ombi hukataliwa ingawa kibali kingali hai, na mtu huhangaika kubadilisha nenosiri ambalo halina kosa lolote.

Wewe unayetumia wingu hilo, fungua leo faili la "credentials" katika folda ya ".aws". Ukikuta namba inayoanza na AKIA, mwombe msimamizi akupe njia ya lango moja, kisha hakikisha ufunguo huo unazimwa na kufutwa.