Makuli wa reli Voi na Tsavo: Ujira, baruti na mauti

KATIKA masimulizi mengi ya ujenzi wa reli ya Uganda, nyika iliyo kati ya Voi na mto Tsavo hutajwa kwa sababu moja tu, nayo ni simba wawili waliokula watu mwaka wa 1898. Simba hao wameandikiwa vitabu na kutengenezewa filamu. Wale walioliwa, pamoja na maelfu ya wenzao walionusurika, hutajwa kwa jumla tu kama makuli. Ni nadra mtu kuuliza walilipwa nini, walikula nini, waliamka kufanya kazi gani, na ni nani kati yao aliyehesabiwa alipokufa.

Reli hiyo ilianza kutandazwa Mombasa mwaka wa 1896 chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse, na ikafika ufuo wa Ziwa Victoria, mahali paitwapo sasa Kisumu, mwezi Desemba 1901. Urefu wake ulikuwa maili 582, yaani takriban kilomita 937. Ili kuijenga, Waingereza waliagiza vibarua kutoka Bara Hindi, hususan jimbo la Punjab. Serikali ya India ililazimika kurekebisha sheria yake ya uhamaji ili watu hao waruhusiwe kuondoka, na mfanyabiashara wa Karachi, A.M. Jeevanjee, akapewa zabuni ya kuwatafuta na kuwasafirisha.

Mkataba na mshahara

Kuli alitia sahihi, au alama ya kidole, kwenye mkataba wa miaka mitatu. Mwajiri aliahidi mshahara wa kila mwezi, posho ya chakula, matibabu, na nauli ya kurudi kwao muda ukiisha. Kibarua wa kawaida alipata kati ya rupia 12 na 15 kwa mwezi. Fundi, kama vile mwashi, seremala au mhunzi, alipata zaidi ya hapo. Kwa mujibu wa kitabu cha J.H. Patterson, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja la Tsavo, mwashi alilipwa rupia 45 ilhali kuli alilipwa 12.

Tofauti hiyo ya rupia 33 ndiyo iliyozaa mgogoro mkubwa wa kazi ambao haukuhusiana na simba hata kidogo. Patterson alipowachunguza waashi wake aligundua kwamba wengi wao hawakuwa na ujuzi wa kuchonga mawe. Walikuwa vibarua wa kawaida waliojiandikisha kama mafundi ili wapate mshahara mnono. Akaamua kuacha kuwalipa kwa mwezi na kuanza kuwalipa kwa kipimo cha kazi: fundi wa kweli angeweza kufikisha rupia zake 45 na hata kuzizidi, na asiye fundi angeangukia kiwango cha kuli.

Uamuzi huo haukupokelewa vyema. Mwezi Septemba 1898 waashi walikula njama ya kumuua katika machimbo ya mawe. Patterson alipashwa habari mapema, lakini akaenda machimboni vivyo hivyo, akazingirwa na kundi lenye nyundo na mitaimbo mikononi, na akafaulu kuwatuliza kwa maneno. Baadaye vinara walikamatwa, wakahukumiwa, na kupelekwa kufanya kazi ngumu wakiwa minyororoni.

Kisa hicho kimehifadhiwa na upande mmoja tu, yaani upande wa msimamizi. Hata hivyo, hata kwa maneno yake mwenyewe, chanzo kinaonekana wazi. Mtu aliyesafiri kutoka Punjab kwa ahadi ya rupia 45 alirudishwa kwenye rupia 12 akiwa hana njia ya kuacha kazi, kwa kuwa mkataba ulimfunga na nauli ya kurudi ilikuwa mikononi mwa mwajiri.

Chuma na mwamba

Kazi iligawanywa kwa makundi, kila kundi chini ya jemadari wake. Wa kwanza walifyeka miiba na kusawazisha njia. Nyuma yao walikuja wa kuchimba na kujaza udongo, wakiinua tuta kwa majembe na makarai. Kisha wakafuata wa kutandaza mataruma ya chuma, yaliyochaguliwa kwa kuwa mchwa hawayali, na hatimaye wabebaji wa reli zenyewe. Reli moja ilikuwa na urefu wa futi 30 na uzito wa paundi 50 kwa kila yadi, yaani paundi 500 au takriban kilo 227. Chuma hicho kilishushwa kutoka kwenye behewa, kikabebwa na kuwekwa mahali pake kwa nguvu za mikono, chini ya jua la nyika.

Palipokuwa na mwamba, jembe halikufaa, ikabidi kutumia baruti. Kazi ya kupasua mwamba ina hatua zilezile popote duniani. Mtu mmoja hushika mtaimbo huku wenzake wakiugonga kwa nyundo, zamu kwa zamu, hadi tundu liingie ndani ya jiwe. Tundu hujazwa baruti, hushindiliwa udongo, utambi hutiwa moto, na watu wakakimbia. Hatari haiko katika mlipuko unaosikika pekee. Iko zaidi katika ule usiosikika, maana lazima mtu arudi kulichungulia tundu lililokataa kulipuka. Moshi ukishatoka, waashi huchagua mawe yanayofaa na kuyachonga kwa tindo, na yaliyobaki hupondwa kuwa kokoto.

Mawe ya nguzo za daraja la Tsavo yalipatikana kwa jasho la namna hiyo, na daraja likakamilika mwezi Februari 1899.

Maji, chakula na ugonjwa

Kati ya Mazeras na Voi kuna nyika ya Taru, ambayo haina mto wa kutegemewa. Kwa muda wote wa kuivuka, maji ya kunywa, kupikia na kujaza injini yaliletwa kwa garimoshi. Treni ya maji ilipochelewa, kambi nzima ilikaa na kiu. Ndiyo maana kufika Voi, na baadaye Tsavo, kulikuwa faraja kubwa kwa makuli: hapo palikuwa na mto.

Posho ilikuwa mchele, unga, dengu, samli na chumvi, vyote kutoka pwani. Ardhi yenyewe haikuweza kuwalisha, kwani ukame wa miaka ya 1898 na 1899 ulileta njaa kuu iliyowakumba wenyeji wa Taita na Ukambani.

Maradhi yaliwamaliza wengi kuliko ajali. Malaria ililaza sehemu kubwa ya vibarua tangu mvua za mwisho wa 1896. Kuhara damu kulifuata palipokuwa na maji machafu. Funza, ambao Wahindi hawakuwajua kwao, waliingia kwenye nyayo na kusababisha vidonda vilivyowafanya baadhi yao washindwe kutembea. Ndorobo nao waliua wanyama wa kubeba mizigo, na mizigo hiyo ikaishia mabegani mwa watu.

Usiku wa Tsavo

Simba walipoanza kuvamia kambi za Tsavo mwezi Machi 1898, maelfu ya vibarua walikuwa hapo. Hofu ilizidi pale reli iliposonga mbele na kuwaacha watu mia chache tu wa daraja. Maboma ya miiba hayakusaidia. Hata hospitali ilivamiwa, ikahamishwa, ikavamiwa tena. Wengine walilala juu ya matangi ya maji na mapaa. Wengine walifunga vitanda juu ya miti. Wengine walichimba mashimo ndani ya mahema yao na kuyafunika kwa magogo.

Tarehe 1 Desemba 1898 mamia ya vibarua walisema basi. Walimweleza msimamizi kwamba walikuja kufanya kazi ya serikali, hawakuja kuwa chakula cha simba. Walilala relini mbele ya garimoshi lililokuwa likienda pwani, likasimama, wakalipanda na kuondoka. Ujenzi wa daraja ulisimama kwa takriban wiki tatu. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29, ndipo wengi wakarejea. Ngozi za wanyama hao ziliuzwa mwaka wa 1924 kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, ambako wanaonyeshwa hadi sasa.

Hatari haikukoma Tsavo. Mwaka wa 1899, mhandisi aliyeitwa O'Hara, aliyekuwa akisimamia barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta, aliburutwa na simba kutoka katika hema alimolala pamoja na mke na watoto wake.

Waliohesabiwa na wasiohesabiwa

Ni watu wangapi walioliwa Tsavo? Patterson aliandika kwamba simba waliwaua makuli wa Kihindi 28, pamoja na Waafrika wengi ambao hapakuwekwa rekodi yao rasmi. Baadaye alitaja jumla ya 135. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009, uliochunguza kemikali za mifupa na manyoya ya simba hao, ulikadiria kwamba waliliwa watu wapatao 35.

Tofauti hizo hazitokani na chumvi ya msimulizi peke yake. Zinatokana pia na mfumo wa ajira. Mhindi alikuwa na mkataba, jina na nambari, hivyo kifo chake kilibidi kuandikwa. Mwafrika, awe Mtaita, Mkamba, Mswahili au Mnyamwezi, aliajiriwa kwa muda mfupi kufyeka, kuchimba au kubeba. Alipotoweka usiku, hapakuwa na daftari la kumuuliza.

Kwa Wahindi, hesabu ya mwisho inajulikana. Waliletwa watu 31,983. Kati yao 2,493 walifariki, ikiwa ni zaidi ya wanne kwa kila maili ya reli. Wengine 6,454 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au wamelemaa, 16,312 walirejea mikataba yao ilipokwisha, na 6,724 wakabaki Afrika Mashariki. Kwa Waafrika waliofanya kazi kando yao, hakuna jedwali la namna hiyo.

Mji wa Voi uliendelea kukua kutokana na reli. Mwaka wa 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walianza kutandaza tawi la kijeshi kutoka hapo kuelekea Taveta, na vibarua na wapagazi wakaitwa tena. Tangu mwaka wa 2017, abiria wa kutoka Mombasa hupita Voi na Tsavo kwa reli mpya, sambamba na ile ya zamani, kwa muda wa saa chache tu. Tuta la zamani lingalipo, limeinuliwa kwa karai, na mawe ya machimboni ni yale yaliyopasuliwa kwa baruti na watu wa rupia 12 kwa mwezi.