Shoti si jina la kila hitilafu

Pasi ikigoma kupata moto, tunasema imepiga shoti. Si lazima. Shoti ni waya wa moto kugusana na nyutro: mkondo unapanda ghafla, fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi inakatika. Pasi iliyo kimya mara nyingi waya wake umekatikia ndani, pale unapojikunja kila siku, au koili imeungua. Na anayerushwa na umeme akishika bodi ya pasi naye husema “nimepigwa shoti”, ilhali huo ni umeme unaovuja. Utaambiwa fundi ataelewa tu. Ataelewa akipima; asiyepima, akisikia “shoti” ataangalia fyuzi, na pasi inayovuja itarudi nyumbani ikiwaka vizuri. Mwambie ulichokiona: haipati moto, inakata fyuzi, au inapiga ukiigusa.