Mitambo Minne Iliyokosa Mtaa

Saa moja jioni unaingia keja, unawasha taa, unachaji simu. Jirani naye anapiga pasi. Jiji zima linafanya hivyo kwa wakati mmoja, na stima ya ziada lazima itoke mahali. Katika miji mingi hutoka kwa mtambo mdogo unaolala mchana kutwa, kisha ukaamshwa kwa saa chache tu. Sasa swali: mtambo huo uko kwenye mtaa wa nani?

San Francisco, Marekani, ilibishana juu ya swali hilo kwa miaka. Jiji hilo limezungukwa na maji pande tatu, na nyaya kubwa za umeme ziliingia kutoka kusini. Wasimamizi wa gridi ya California wakashikilia kwamba lazima stima fulani izalishwe jijini humo humo. Mzigo ukaangukia kusini-mashariki: Hunters Point, palipokuwa na mtambo tangu 1929, na Potrero, jirani yake. Hunters Point ni mtaa ambao Wamarekani Weusi wengi walihamia kufuata kazi za meli wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kazi ziliisha, moshi ukabaki.

Mwaka 2000 na 2001 California ilikumbwa na mgao wa stima. Kesi zikafuata, na katika makubaliano ya 2002 na kampuni ya Williams, jiji likapata mitambo 4 ya gesi asilia, kila mmoja chini kidogo ya megawati 50. Mpango ulikuwa hivi: mitatu iwekwe karibu na Potrero, mmoja uwanja wa ndege, ndipo ule mkuukuu wa Potrero ufungwe.

Kwa karatasi, hapo kuna nafuu. Potrero ilikuwa na mitambo ya dizeli ya kusaidia saa za matumizi makubwa, na gesi haitoi masizi kama dizeli. Lakini kushinda dizeli si kuwa safi. Gesi ikiungua hutoa kaboni dioksidi, pamoja na oksidi za nitrojeni ambazo huchafua hewa na kubana kifua. Tena mtambo wa aina hii huwashwa na kuzimwa kila mara, na dakika za kwanza ndizo mbaya zaidi, kwa sababu kifaa cha kusafisha moshi bado hakijapata joto.

Wakazi wenyewe waligawanyika. Kuna waliosema afadhali hii. Wengine wakauliza: mbona kila "afadhali" inaletwa kwetu?

Hunters Point ilifungwa Mei 2006. Mwaka 2008 Meya Gavin Newsom akarudi nyuma kuhusu mitambo ya gesi. Mwishoni mwa 2010, kebo ya kilomita 85 iliyolazwa chini ya ghuba, yenye uwezo wa megawati 400, ikaanza kuleta stima kutoka mji wa Pittsburg. Mapema 2011 Potrero ikazimwa. Ile mitambo 4 haikuwahi kuwashwa jijini.

Waliokataa kuchagua kati ya moshi na moshi walishinda, na vifua vyao vilistahili. Ila Pittsburg nayo ina mitambo yake ya gesi, na watu wanaoishi kando yake. Kebo ilivusha stima. Moshi uliachwa ng'ambo.